YouTube Kids: matusi yamebaki nje, duka limeingia ndani

Wazazi wengi hupakua YouTube Kids kwa kuogopa mambo mawili: picha chafu na matusi. Kwa hayo mawili programu hii inajitahidi, na kwa mtoto wa chini ya miaka 8 hakuna sababu ya kumpa YouTube ya kawaida wakati hii ipo na ni ya bure. Lipo jambo la tatu ambalo wengi hawalitazamii, na hilo ndilo linaloleta vita kwenye foleni ya supamaketi. Mtoto aliyekuwa akijichezea na vizibo vya soda sasa anataka yai la plastiki lenye mdoli ndani, jina la mdoli analijua, na rangi anayoitaka ameshaichagua. Ukiuliza nyumbani nani kamwonyesha tangazo, hakuna. Alikuwa anaangalia katuni tu.

Kwa hiyo tumeipima programu hii kwa swali moja: inamkinga mtoto kiasi gani asiuziwe vitu, na mzazi abadilishe nini ili imkinge zaidi? Ikiachwa kama ilivyo baada ya kupakuliwa, inamkinga kidogo. Ikiwekwa kwenye hali ambayo mzazi mwenyewe anaidhinisha kila kitu, inafanya kazi nzuri kweli, ila inadai saa nzima ya kazi mwanzoni na dakika chache kila wiki. Wazazi wengi hawaufiki ukurasa huo wa mipangilio.

Kuiweka

Programu iko Play Store na App Store. Ukiifungua mara ya kwanza inamtaka mzazi aandike mwaka wake wa kuzaliwa, kisha aingie kwa akaunti yake ya Google. Kuingia huko kunaweza kurukwa, na wengi hukuruka kwa haraka ya kumnyamazisha mtoto anayelia pembeni. Usikuruke. Bila akaunti huwezi kuzuia video wala chaneli, na hali ya kuidhinisha mwenyewe haipatikani kabisa. Ukishaingia unatengeneza wasifu wa mtoto: jina (la utani linatosha), umri na mwezi wa kuzaliwa. Akaunti moja inabeba wasifu hadi 8, kwa hiyo hata nyumba yenye watoto wa shangazi na wa mjomba inatosheka.

Hapo ndipo unapoulizwa kiwango. Vipo vitatu vya umri: miaka 4 kwenda chini, miaka 5 hadi 8, na miaka 9 hadi 12. Cha nne ndicho cha mzazi kuidhinisha mwenyewe, tutakirudia. Ukichagua kimojawapo kati ya vile vitatu, zima utafutaji papo hapo. Mtoto asiyejua kusoma anatafuta kwa sauti kupitia kipaza sauti, na neno moja tu, “slime” (ule ute wa kuchezea) au “yai”, linamtosha kuzama alasiri nzima.

Mipangilio yote ya mzazi imekaa nyuma ya alama ya kufuli iliyoko chini kwenye kona ya skrini. Usipolibadilisha, kufuli hilo linafunguka kwa kujibu swali la kuzidisha, mfano 6 mara 8. Mtoto wa darasa la tatu aliyekariri jedwali lake analifungua bila jasho, na mdogo wake anamwita amfungulie. Weka namba yako ya siri ya tarakimu 4, na isiwe ile ile ya kufungulia simu ambayo nyumba nzima inaijua.

Matangazo yenye lebo

Usipolipia, matangazo yapo. Hutanguliwa na alama fupi inayosema kwamba kinachofuata ni tangazo, na mtoto akiyagusa hayampeleki kwenye tovuti ya muuzaji. Matangazo ya kulipiwa ya vyakula na vinywaji yamepigwa marufuku ndani ya programu, na hapo inaishinda televisheni ya kawaida kwa mbali: keti mbele ya kipindi cha watoto cha Jumamosi asubuhi uhesabu mwenyewe ni juisi ngapi na biskuti ngapi zitapita. Tangu Januari 2020 video zilizowekewa alama kuwa ni za watoto hazipewi matangazo yanayomfuata mtazamaji kwa tabia zake. Mabadiliko hayo yalitokana na kesi. Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Kama tatizo lingekuwa matangazo haya pekee, tathmini ingeishia hapa kwa alama nzuri. Angalia lakini mpaka wa katazo la vyakula: linagusa tangazo la kulipiwa. Familia inayojirekodi ikifungua rundo la chokoleti na kuzionja moja moja, hiyo machoni pa programu ni video, si tangazo.

Video ambayo yenyewe ndiyo bidhaa

Chukua video moja ya mayai, uitazame kwa makini kama fundi anavyotazama saa. Meza nyeupe, mikono miwili, kucha zimepakwa rangi. Sura hakuna, hadithi hakuna. Mayai yamepangwa mstari. La kwanza linainuliwa, linatikiswa karibu na kinasa sauti ili kilichomo kisikike, karatasi ya kung'aa inachanwa taratibu, plastiki inabanwa hadi inafunguka kwa mlio. Ndani kuna kimfuko. Kimfuko nacho kinachanwa. Mdoli anatoka, anazungushwa mbele ya kamera. Kisha kinakunjuliwa kijikaratasi chenye picha za midoli yote ya mkupuo huo, na kidole kinapita: huyu tumempata, huyu bado, huyu bado, huyu ni adimu. Ndipo linachukuliwa yai la pili.

Wazazi hukasirikia yai, lakini ukitazama vizuri, kazi ya kuuza imefanywa na kile kijikaratasi. Yai linamfundisha mtoto kutaka mdoli. Kijikaratasi kinamfundisha kwamba mmoja hatoshi, na kwamba alionao si kitu mbele ya anaowakosa. Mtoto wa miaka 4 hawezi kukueleza hivyo, ila utamwona mdoli mpya anamtupa chini ya kiti saa ile ile uliyomnunulia, macho yakiwa yamerudi kwenye rafu.

Na bidhaa zenyewe zilikuja zikitengenezwa kwa ajili ya kamera. L.O.L. Surprise!, iliyotolewa na MGA Entertainment mwishoni mwa 2016, ni mpira uliofungwa tabaka juu ya tabaka, na ulibuniwa baada ya kampuni kuona jinsi watoto wanavyoganda kwenye video za kufungua maboksi. Chaneli iliyoonyesha kuna fedha kiasi gani kwenye kazi hiyo ni ile inayoitwa sasa Ryan's World. Ilianza Machi 2015 na mtoto mdogo anayefungua vichezeo. Mwaka 2018 jarida la Forbes liliiweka juu ya orodha ya wanaolipwa zaidi YouTube, dola milioni 22, na mwaka huo huo vichezeo vyenye jina lake vikaingia kwenye maduka ya Walmart. Mtoto aliyekuwa anafungua bidhaa za wengine akawa bidhaa yeye mwenyewe.

Malalamiko yalianza mapema. YouTube Kids ilizinduliwa Marekani Februari 2015, na Aprili mwaka huo makundi ya kutetea watoto yalikuwa yameshafika kwa Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, yakidai kwamba vipindi na matangazo vimechanganywa kwa namna ambayo televisheni ya Marekani isingeruhusiwa kuwafanyia watoto. Agosti 2021 YouTube ikatangaza kwamba itaondoa kwenye programu hii maudhui yaliyozidi biashara, yaani video zinazohusu kufungua pakiti tu au zinazomhimiza mtoto moja kwa moja atumie fedha. Zimepungua kweli. Lakini aina yenyewe ya video imejifunza kuvaa nguo. Siku hizi mayai yanafunguliwa “kujifunza rangi”. Vichezeo vinapangwa “kujifunza kuhesabu”. Baba na binti wanacheza duka, na rafu ya duka lao la kuigiza imejaa bidhaa halisi zenye nembo. Mashine inayochuja inaona neno rangi, inaona neno namba, inapitisha.

Katuni zenye hadithi nazo si salama kwa sababu tu zina hadithi. Paw Patrol, katuni ya mbwa waokoaji, inatengenezwa na Spin Master, kampuni ya vichezeo ya Toronto. Kila mbwa ana kofia yake, begi lake la mgongoni na gari lake, na mkupuo mpya wa vipindi ukija, unakuja na magari mapya. Peppa Pig iko chini ya Hasbro, kampuni nyingine ya vichezeo, tangu mwisho wa 2019. Haina maana kwamba ni vipindi vibovu; Peppa ni taratibu, inachekesha, na Kiingereza chake kinaeleweka. Ina maana kwamba anayeamua gari lipi lionekane kwenye kipindi ana ghala la kulijaza. Huku kwetu mnyororo huo una tawi la ajabu: mzazi wa Tandika au Kongowea hanunui gari lenyewe, ananunua begi la shule, kandambili, chupa ya maji na keki ya siku ya kuzaliwa yenye picha ile ile, nyingi zikiwa ni bandia ambazo mwenye katuni hapati hata senti. Fedha ya mzazi inatoka vile vile.

Cocomelon, katuni ya nyimbo za watoto wadogo, tunaiweka kwenye fungu lake. Haifungui maboksi, na nyimbo zake hazina ubaya wowote. Tatizo lake ni mwendo: picha inabadilika kila baada ya sekunde chache, mfululizo, hadi mtoto anashindwa kugeuza shingo. Mwaka 2022 The New York Times iliandika jinsi kampuni yake, Moonbug, inavyowapima watoto. Mtoto anawekwa mbele ya kipindi, pembeni kuna skrini ya pili inayoonyesha shughuli za kawaida za kila siku, na kila anapogeuka kuitazama ya pili sehemu hiyo ya kipindi inawekwa alama. Waliipa skrini hiyo jina, Distractatron. Kipindi kilichochongwa kwa kipimo hicho hakimwachi mtoto akachoka mwenyewe na kwenda kucheza.

Tabia inayobadilika, na kwa nini maelezo hayasaidii

Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilihitimisha kwamba watoto wa chini ya miaka 8 hawana uwezo wa kuchambua matangazo ya televisheni; wanayapokea kama taarifa ya kweli. Hili lina matumizi ya moja kwa moja nyumbani. Kumwambia mtoto wa miaka 5 “hao wanakuuzia tu” ni kupoteza pumzi: atakubali kwa kichwa, na dakika inayofuata ataomba. Umri huo kazi ni ya mzazi, kwenye orodha ya video. Kuanzia miaka 8 au 9 ndipo mchezo wa “wanauza nini hapa?” unapoanza kuzaa matunda, na watoto wanaupenda sana kwa sababu unawapa nafasi ya kuwakamata wakubwa.

Nguvu ya nembo yenyewe ilipimwa kwa namna rahisi mno katika utafiti uliochapishwa 2007: watoto wa miaka 3 hadi 5 walipewa chakula kile kile, mara kikiwa kwenye karatasi tupu, mara kwenye karatasi ya McDonald's. Walisema cha kwenye karatasi yenye nembo ni kitamu zaidi. Hata karoti. Waliokuwa na televisheni nyingi zaidi nyumbani walivutwa zaidi.

Habari njema ni kwamba tabia hii inarudi nyuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanya kazi na shule mbili za msingi mjini San Jose. Katika moja, watoto wa darasa la tatu na la nne walifundishwa kupunguza saa za televisheni na video. Matokeo yaliyotoka 2001 yalionyesha kwamba watoto wa shule hiyo walipunguza kuomba kununuliwa vichezeo kuliko wenzao. Somo halikuwa juu ya kuomba vichezeo. Zilipunguzwa saa tu. Kuhusu mwendo wa picha, jaribio la Chuo Kikuu cha Virginia la 2011 liliwaonyesha watoto wa miaka 4 dakika 9 tu za katuni ya mbio, wengine katuni ya taratibu, wengine wakachora. Waliotazama ya mbio walifanya vibaya zaidi, papo hapo, kwenye mazoezi ya kusubiri na kufuata maelekezo. Ukipanga kumpeleka mtoto dukani, basi, usimwashie katuni ya mbio kabla ya kutoka.

Kuna njia tatu za haraka za kujua video inauza au haiuzi. Tazama picha yake ya mbele na kichwa: je, jina la bidhaa lipo, au maboksi yamepangwa? Zima sauti kwa dakika moja: je, unaona tukio, au mikono na vifungashio tu? Ya tatu ndiyo bora. Baada ya video muulize mtoto nini kimetokea. Akikusimulia, hata kwa kuchanganya, hiyo ni hadithi. Akikutajia kitu, umeshapata jibu.

Hali ya kuidhinisha mwenyewe

Gusa kufuli, weka namba ya siri, fungua mipangilio, chagua wasifu wa mtoto, thibitisha nenosiri la akaunti yako, kisha kwenye mipangilio ya maudhui chagua ile ya kuidhinisha mwenyewe. Utaletewa makusanyo, chaneli na video, kila moja na alama ya kujumlisha. Unachogusa ndicho mtoto atakachokiona, na utafutaji kwake unafungwa kabisa.

Mitego iko hapa. Mzazi aliyechoka anagusa makusanyo mazima yaliyopangwa tayari na kujiona amemaliza. Baadhi ya makusanyo hayo yamejengwa juu ya katuni zile zile za vichezeo. Mwingine anaidhinisha chaneli kubwa kwa sababu video tatu alizotazama zilikuwa nzuri. Ukiidhinisha chaneli umeidhinisha na kila kitakachopakiwa humo kesho na mwakani, na chaneli hubadilika: ya nyimbo inapata mdhamini, ya sayansi inaanza “kujaribu” vichezeo. Idhinisha video moja moja. Video 20 hadi 30 zinamtosha mtoto wa miaka 3 hadi 5, maana umri huo wanapenda kurudia. Kitu kinachomchosha mzazi ndicho kinachomfundisha mtoto. Ongeza nne au tano mwisho wa wiki, toa mbili zilizochuja.

Chaneli nzima unaweza kuidhinisha bila wasiwasi mkubwa kwa watengenezaji wachache wanaojulikana kazi yao ni elimu. Kwa Kiswahili wa kwanza ni Ubongo wa Dar es Salaam. Ubongo Kids ilianza kurushwa 2014, ni hesabu na sayansi ndani ya hadithi za Kiduchu, Koba na wenzao wa kijiji cha Kokotoa, na inamfaa mtoto kuanzia miaka 7 hivi. Akili and Me ni ya miaka 3 hadi 6: namba, herufi, rangi na hisia, na Kiswahili chake ni cha kuongea, hakijatafsiriwa. Nyimbo zake zina vituo, mtoto anaachiwa nafasi ya kujibu. Nje ya hao, Kiswahili ndani ya YouTube Kids ni kichache, na kwa viwango vya umri mtoto wa kwetu anaishia kulishwa Kiingereza cha Marekani kwa asilimia kubwa ya muda. Hilo tunaihesabia programu kama kasoro.

Mtoto aliyezoea mayai atagoma. Atatafuta “ile ya mayai”, ataona haipo, atanuna au atalia, na ataendelea hivyo kwa siku kadhaa. Usiingie kwenye mjadala, na usimrudishie “moja tu”. Siku ya kwanza ya mabadiliko mpe video mpya tano ambazo hajawahi kuziona, na kaa naye kwenye ya kwanza.

Wanaoona kazi hii ni kubwa hubaki kwenye viwango vya umri na kutegemea kuzuia: vidoti vitatu kwenye video, kisha zuia video au chaneli nzima. Kwa chaneli moja inayokukera inasaidia. Kwa video za mayai kama aina, ni kufagia mchanga ufukweni. Chaneli moja ikitoka kuna nyingine zenye mikono tofauti na mayai yale yale. Ukichagua njia hii, futa pia historia ya utazamaji na usitishe kurekodiwa kwake kwenye mipangilio ya wasifu, vinginevyo mapendekezo yataendelea kujengwa juu ya kile alichotazama mwezi uliopita.

Mlango wa nyuma

Kishkwambi cha mtoto kinaweza kuwa safi kabisa na bado akajua midoli yote ya mkupuo mpya, kwa sababu simu ya mama, ya bibi na ya dada wa kazi zina YouTube ya kawaida, na Shorts, yaani video zake fupi fupi, iko kidole kimoja mbele. Kwenye Android washa kubandika programu, iliyoko ndani ya mipangilio ya usalama: programu inabaki kwenye skrini mpaka iwekwe namba ya kufungua simu. Kwenye iPhone na iPad kazi hiyo inafanywa na Guided Access. Dada wa kazi mwonyeshe jinsi ya kuwasha. Ukimpa katazo tu bila kumwonyesha, siku ya mvua na ugali jikoni katazo halitasimama.

Televisheni ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Tangu Julai 2024 programu ya YouTube Kids kwenye runinga janja imeondolewa, na wasifu wa mtoto unafunguliwa ndani ya YouTube ya kawaida. Maana yake wasifu wa mtoto na wa baba viko kwenye ukurasa mmoja wa kuchagua anayetazama, na rimoti anayo mtoto. Mtoto wa miaka 5 anajifunza tofauti ya picha hizo mbili upesi sana. Kwa nyumba yenye runinga janja sebuleni, tunashauri kishkwambi kiunganishwe na runinga kwa waya au kwa kurusha picha, na mzazi aendelee kushika kishkwambi.

Muda

Kipima muda kiko nyuma ya kufuli. Unaweka dakika, zikiisha programu inajifunga na haifunguki bila namba ya siri. Kasoro yake ni kwamba si cha kila siku. Usipokiweka leo, leo hakipo. Anayetaka kikomo cha siku nzima aende Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Shirika la Afya Duniani kwa mwongozo wake wa 2019 linasema chini ya mwaka 1 isiwepo skrini kabisa, na kwa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, pungufu ni bora.

Kinacholeta vilio vingi si kikomo chenyewe, ni mahali kinapokata. Dakika 30 kamili hukata katikati ya wimbo, na mtoto anaona ameonewa. Jumlisha urefu wa video mbili au tatu alizochagua, ongeza dakika 1, weka hiyo. Zima pia kucheza mfululizo: video ikiisha iwepo sekunde ya ukimya, hapo ndipo “sasa tunazima” inaposikika.

Bila programu kabisa?

Kenya wana Akili Kids!, chaneli ya bure ya watoto iliyoanza kurushwa 31 Machi 2020, wakati shule zimefungwa kwa ajili ya korona. Kipindi cha televisheni kina faida ambayo programu haina: kinaisha, na hakimjui mtoto wako alichopenda jana. Hasara yake ni matangazo ya bidhaa yanayopita katikati, ambayo huwezi kuyachuja. Visimbuzi vya kulipia vina namba ya siri ya mzazi, ila inafunga kwa daraja la umri la kipindi, haifungi biashara. Chaneli ya katuni ya saa 24 inapita salama salmini.

Gharama

Programu ni bure, bando si bure. Video ya ubora wa 480p inakula takriban MB 500 hadi 600 kwa saa, na kwenye runinga ya 1080p inaweza kupita GB 2. Saa moja kwa siku kwenye skrini ndogo ni kama GB 15 hadi 18 kwa mwezi. Hali ya kuidhinisha haipunguzi matumizi hayo.

YouTube Premium, kwa walioko kwenye nchi inakopatikana, huondoa matangazo yenye lebo ndani ya YouTube Kids na kuruhusu kupakua video. Kuilipia ili mtoto asiuziwe vitu ni fedha iliyopotea: inaondoa yale matangazo machache yaliyokuwa yamewekewa alama na mipaka, na mayai yote inayaacha palepale. Kama unalipia, lipia kwa ajili ya kupakua. Video 20 zilizopakuliwa kwa Wi-Fi usiku, simu ikawekwa bila data kabla ya basi la Mwanza kuondoka, zinampa mtoto orodha ambayo hakuna kitu kingine kinachoweza kujipenyeza humo mpaka mfike.